Jahazi Huokolewa kwa Kutosa Shehena

Hapa Matsangoni, kando ya barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, si rahisi kupata duka lisilobeba maandishi ya kampuni ukutani. Huyu kapakiwa rangi ya kijani ya simu, yule nyekundu ya soda, na wala hakuna mwenye duka aliyenunua hata kopo moja. Mimi, ambaye hula mshahara wa kusomesha isimu, husimama mbele ya kuta hizi kama wengine wasimamavyo mbele ya rafu za maktaba. Zina mengi ya kusomwa.

Hebu tuutazame msamiati wenyewe, msomaji. Kampuni ya Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, ina huduma ya kukopesha muda wa maongezi iitwayo Okoa Jahazi. Mnamo Novemba 2012, ikishirikiana na Commercial Bank of Africa, ambayo tangu 2019 imekuwa NCBA, ilileta akiba na mikopo ya M-Shwari. Januari 2019 ikaja Fuliza. Jahazi, shwari, kufuliza mwendo! Asiyejua angedhani wakurugenzi walikaa kikao chini ya mwembe kule Uyombo, manahodha wakiwa wenyeviti.

Sisemi haya kwa kejeli tupu. Kwa miaka mingi sisi wapenzi wa Kiswahili tulilalamika kwamba biashara kubwa huitumia lugha hii kumwagiza tarishi chai, kisha mikataba ikaandikwa kwa Kiingereza. Leo neno la mabaharia limefika Lodwar, ambako hakuna aliyepata kuona tanga likipandishwa. Hakuna chama cha Kiswahili kilichowahi kulisafirisha neno umbali huo kwa muda mfupi hivyo. Anayestahili shukrani na apewe.

Lakini neno, kama samaki, hubadilika likitolewa majini. Jahazi linapoelemewa na dhoruba, mabaharia hulipunguzia uzito: shehena hutoswa, chombo kikainuka. Hili la simu huokolewa kwa kuongezwa mzigo. Kwa utaratibu uliozoeleka, aliyeomba shilingi 100 hupewa 90, naye hudaiwa 100. Nahodha gani angeokoa chombo kwa mtindo huo?

Ama kuhusu shwari, mvuvi mmoja mzee wa huku aliwahi kunieleza, kwa upole wa mtu amfunzaye mtoto, “Mwalimu, chombo cha tanga hakiombi shwari.” Bahari ikitulia kabisa, upepo nao hufa, na mwenye tanga hukaa pale pale akitazamana na jua. Atakaye kufika huomba upepo wa wastani, si shwari. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, malipo ambayo hayakuitwa riba bali ada. Zidisha mara 12 uone mwaka mzima unakufikisha wapi: asilimia 90. Kwa hesabu hiyo, mtu hahitaji kuwa baharia ili atambue kwamba bahari imechafuka.

Fuliza ndilo jina lenye ukweli kuliko yote. Kufuliza ni kuendelea pasipo kusita, na kwa hakika huduma hiyo humwezesha mtu kuendelea kulipa hata pesa zake zinapokwisha. Deni nalo hufuliza: pesa yoyote iingiayo hukatwa kwanza. Mama karanga aliyeuza samaki wake kwa njia ya simu huweza kukuta malipo ya mteja yamekwisha kupungua kabla hajanunua mafuta ya kukaangia kesho.

Tatizo langu, basi, ni maneno yaliyoachwa nje: deni, riba, mdai. Anayesema “nimekopa” hujisikia, na huanza kuhesabu siku. Anayesema “nimefuliza” hajisikii chochote. Ni kama aliyeeleza namna alivyotembea. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mjukuu wa mvuvi, maana ya shwari. Akanijibu bila kusita kwamba ni pesa za kwenye simu. Babu yake angali hai, na nyumba yao haiko mbali na maji.

Je, vyombo vya habari vitatukumbusha? Wako wasomaji wanaomkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake, “Je, Huu ni Uungwana?”, kilichoanza mwaka 1966, kiliuliza taifa zima iwapo kitendo fulani ni cha kiungwana au la. Siku hizi katika vituo vingi sauti ile ile inayosoma habari ya ukame husifu mkopo dakika mbili baadaye, nasi wasikilizaji hatuoni mshono. Gazeti nalo haliishi kwa bei yake ya rejareja pekee. Huenda jirani wa safu hii leo ni tangazo la mkopo. Ikiwa ndivyo, nalishukuru kwa kunilipia wino.

Kwa hiyo kazi hii inatuangukia sisi walimu, ambao hatuna mfadhili wa kumkera. Katika insha za kiuamilifu tunawafunza wanafunzi kuandika tangazo: kichwa, ujumbe, anwani. Tuwafunze na kulisoma. Mwalimu achukue tangazo moja la mkopo, alibandike ubaoni, na aulize maswali matatu: Ni nani anayesema? Neno hili lilikuwa na maana gani kabla ya kununuliwa? Na ni neno gani lililopaswa kuwapo hapa lakini halipo? Swali la tatu lipewe alama nyingi zaidi.