Mtambo ndio unaopanga menyu ya simu

Mfanyabiashara anayetuma fedha kwa simu huona mistari michache tu kwenye kioo: chagua 1, chagua 2, ingiza namba ya siri. Wengi hudhani kuwa ufupi huo, na adha zinazoambatana nao, ni matakwa ya kampuni ya simu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kile anachokiona mteja huwa imekwishaamuliwa na jinsi mtambo ulivyojengwa tangu mwanzo.

Mfano mzuri ni M-Pesa. Safaricom ilipozindua huduma hiyo nchini Kenya Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na mteja mwenye laini ya zamani alilazimika kuibadilisha. Katika mpango huo simu hukusanya kwanza namba ya mpokeaji, kiasi cha fedha na namba ya siri bila kuwasiliana na kompyuta kuu. Mwishoni hutuma yote kwa mkupuo, kwa njia ya ujumbe mfupi.

Faida yake ni kwamba mteja hujaza taratibu, hata mtandao ukiwa dhaifu. Hasara ni kwamba laini haijui namba iliyoandikwa ni ya nani. Jina la mpokeaji lilikuwa likionekana kwenye ujumbe wa uthibitisho, fedha zikiwa zimekwishaondoka. Aliyekosea tarakimu moja alibaki kuhangaika kuomba zirudishwe. Baadaye Safaricom iliongeza huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi fupi ya kusitisha muamala.

Nchini Tanzania, Vodacom ilipoanza M-Pesa mwaka 2008 ilichukua njia nyingine: mteja hupiga *150*00#. Hapa laini haibebi menyu. Kila hatua husafiri hadi kompyuta kuu na kurudi, kama mazungumzo ya watu wawili. Kwa hiyo jina la mpokeaji linaweza kuletwa kabla ya mteja kuingiza namba ya siri, na kampuni inaweza kuongeza huduma mpya bila kumbadilishia mtu laini.

Njia hiyo nayo ina bei yake. Ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, ndiyo maana maneno hufupishwa na orodha ndefu hukatwa vipande. Mazungumzo yana muda maalumu, hivyo anayechelewa hutolewa na kuanza upya. Mtandao ukikatika katikati, simu haina kumbukumbu ya kilichofanyika, na mteja hujiuliza kama fedha zimekwenda au la. Anayerudia kwa haraka anaweza kulipa mara mbili.

Wawekezaji wadogo nao wanaguswa. Machi 2017 serikali ya Kenya ilipouza hati fungani ya M-Akiba kwa simu, kupitia *889#, mtu aliweza kuanza na shilingi 3,000 za Kenya. Mlango ulifunguliwa kwa wenye simu za kawaida, lakini ukurasa wa herufi 182 hauwezi kubeba waraka wa masharti. Mnunuzi anayetaka kujua riba hulipwa lini, na namna ya kuuza kabla ya muda, ni lazima ayatafute maelezo hayo kwingine.

Programu za simu za kisasa zina nafasi ya michoro, orodha ya miamala na maelezo marefu. Hata hivyo hudai simu ya bei kubwa zaidi na, kwa kawaida, bando la intaneti. Ndiyo maana menyu za namba zingali zinatumika.

Kwa mfanyabiashara, somo ni la vitendo. Mtandao ukikatika, aangalie salio kabla ya kurudia malipo. Jina la mpokeaji lisomwe kabla ya kukubali, si baadaye. Muuzaji naye asitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, kwani ujumbe mfupi huweza kuchelewa na huweza pia kughushiwa. Kinachoaminika ni salio la muuzaji mwenyewe, lililo kwenye kompyuta kuu. Kuliangalia huchukua dakika moja; mzigo uliotoka dukani bila kulipwa huweza usirudi kabisa.