Kutafakari "kwa asili" kwa Buddha: madai haya yalianzia wapi?

Binamu yangu ni fundi wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Mugirango Kusini. Majuzi mteja wa ng'ambo alimtumia picha ya Buddha ameketi, akaagiza sanamu kadhaa na kusisitiza ziwe katika "mkao wa asili kabisa wa kutafakari". Binamu akanitumia ujumbe wa sauti: "Wewe unaishi na Wabuddha huko Lowell. Asili yenyewe ni ipi?" Mambo ya miguu na mikono nilimweleza pale pale. Hilo la asili ndilo lililozaa makala hii, kwa sababu nalisikia pia kwa Wakenya wenzangu wanaokwenda kujifunza kutafakari na kurudi wakisema wamepata mbinu ileile aliyoitumia Buddha, haijaguswa.

Walio nyumbani wajue tu kwamba jimbo hili la Massachusetts limejaa habari hii. Lowell ina Wakenya wengi, na ina mojawapo ya jamii kubwa za Wakambodia nchini Marekani. Huko Barre kuna kituo cha Insight Meditation Society, kilichofunguliwa mwaka 1976. Worcester ndiko Jon Kabat-Zinn alikoanzia mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kutafakari, katika hospitali ya chuo kikuu, dini ikiwa imewekwa kando. Na Shelburne Falls, mwaka 1982, wanafunzi wa S. N. Goenka walianzisha kituo chao cha kwanza Amerika Kaskazini. Kila mlango una maelezo yake kuhusu mbinu ilikotoka.

Maandiko yanasema kidogo

Mafundisho ya Buddha yalihifadhiwa vichwani kwa karne kadhaa, yakikaririwa na watawa, kabla ya kuandikwa huko Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Hotuba mbili ndizo zinazotajwa zaidi na walimu wa kutafakari: Satipatthana, inayohusu kuwa macho kwa mwili, hisia na akili, na Anapanasati, inayotaja hatua 16 za kufuatilia pumzi. Zote mbili ni za mkato. Zinakwambia ujue pumzi ndefu kuwa ni ndefu na fupi kuwa ni fupi, ila hazikwambii uitazame puani au tumboni, wala ufanye nini goti likikuuma.

Karne ya 5 ndipo mtawa Buddhaghosa, akiwa Sri Lanka, alipoandika Visuddhimagga, kitabu kinene chenye njia 40 za kutafakari. Huyu hakuacha pengo. Njia mojawapo ni ya kutazama duara la udongo, na maelekezo yake yangemfurahisha fundi yeyote wa Tabaka: udongo uwe wa rangi ya alfajiri, duara liwe na upana wa shubiri moja na vidole vinne, lisuguliwe kwa kifaa cha jiwe mpaka lilainike kama ngozi ya ngoma, kisha mtu akae umbali wa mikono miwili na nusu, alitazame hadi alione hata akiwa amefumba macho.

Duara hilo halimo katika ile hotuba ya pumzi. Hapo ndipo ugomvi wa leo unapochipukia. Wapo wanaosema Buddhaghosa alifafanua kile ambacho watawa walikuwa wakikifanya siku zote. Wengine wanasema aliongeza ya kwake, kwa hiyo tumruke turudi kwenye hotuba. Mtawa Mmarekani Bhante Vimalaramsi, wa kituo cha Dhamma Sukha kule Missouri, alijenga mafundisho yake yote juu ya hatua moja ya kuulegeza mwili na akili, ambayo kwa maoni yake imo katika hotuba ya pumzi na wafafanuzi waliipuuza. Wataalamu wa vyuo vikuu nao hawajaafikiana: Johannes Bronkhorst na Alexander Wynne wameandika vitabu vizima kuhusu chanzo cha kutafakari huku, na kila mmoja ana njia yake ya kuchambua kipi ni cha mwanzo na kipi kiliongezwa.

Burma, baada ya mfalme kuondolewa

Mbinu nyingi zinazofundishwa Barre, Worcester na Shelburne Falls zina mizizi Burma, ambayo leo ni Myanmar, na sababu ni ya kisiasa. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay na kumpeleka Mfalme Thibaw uhamishoni India. Kwa Waburma mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Alipoondoka wengi waliona dini yenyewe imo hatarini, na kwamba raia wa kawaida ndio watakaoibeba.

Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Alizunguka nchi akifundisha falsafa ngumu kwa lugha nyepesi, na akahimiza wakulima na wafanyabiashara watafakari, kazi ambayo kabla yake ilihesabiwa kuwa ya watawa wachache wa msituni. Mwanafunzi wake mmoja, Saya Thetgyi, alikuwa mkulima. Mwanafunzi wa Thetgyi alikuwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali baada ya uhuru wa 1948, na mwaka 1952 akafungua kituo Rangoon. Kwake alikuja mwaka 1955 tajiri mmoja mwenye asili ya Kihindi aliyesumbuliwa na kipandauso. Huyo ndiye Goenka. Mwaka 1969 aliipeleka mbinu India.

Goenka alifundisha kwamba mbinu hii ilipotea India na ikahifadhiwa Burma katika usafi wake na mnyororo wa walimu. Ukiufuata mnyororo huo kwa majina unafika kwa Ledi, na nyuma yake hakuna majina. Wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, mtawa Mingun Sayadaw alikuwa ameirudia hotuba ya Satipatthana akatoka na mbinu tofauti, ambayo mwanafunzi wake Mahasi Sayadaw aliifanya mashuhuri: kufuatilia tumbo likipanda na kushuka, na kulitaja kimoyomoyo kila linalotokea. Baadhi ya watawa wa Sri Lanka walimshambulia kwa maandishi. Walidai kwamba hilo la tumbo halimo katika kitabu chochote.

Basi kizazi kimoja cha walimu wa nchi moja, wenye maandiko yaleyale, kilitoa mbinu mbili zisizofanana, na kila upande ukaunganisha ya kwake na Buddha. Mimi sioni ulaghai hapa. Maandiko yalikuwa na mapengo, wakayaziba kwa walichokionja wenyewe wakiwa wameketi, halafu wakaliheshimu jibu lao kwa kumpa Buddha sifa. Ugunduzi wao ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa karne yao.

Waliofagiliwa nje

Dai la asili lina gharama, na majirani zangu wa Lowell wanaijua. Kambodia ilikuwa na kutafakari kwake kwa zamani: mishumaa, silabi zilizowekwa sehemu mbalimbali za mwili, nuru zinazoonekana akilini, siri za mwalimu kwa mwanafunzi. Msomi Mfaransa François Bizot aliyachunguza mengi ya hayo kabla ya vita kuyafunika. Wanamageuzi wa karne ya 20 waliyaona kuwa ushirikina usio na msingi katika maandiko, kisha utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, ukawamaliza wengi wa watawa na walimu waliobaki. Sri Lanka nayo ilikuwa na mwongozo wa namna hiyo. Mwanamageuzi wa huko, Anagarika Dharmapala, aliupata katika hekalu moja miaka ya 1890, ukachapishwa London mwaka 1896, na leo karibu hakuna anayeufuata.

Sisi wa Gusii tusijifanye wageni hapa. Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista wakafika Nyanchwa miaka ya mwanzo ya 1910. Hao wa pili walikuja na ujumbe wa kuirudisha Sabato ya mwanzo. Kila anayerudi kwenye mwanzo huwa na orodha ya mambo ya mababu ya kuacha njiani.

Na Tabaka yenyewe? Zamani jiwe lilichongwa kiko na bakuli. Leo duka la uwanja wa ndege linauza tembo na twiga waliochongwa Tabaka, na kibandiko kinasema ni sanaa ya jadi ya Wakisii, ilhali milima yetu ya migomba na chai haina twiga. Jiwe ni la kweli, mkono wa fundi ni wa kweli, na mama aliyekipiga kile kinyago msasa ndani ya karai la maji amefanya kazi ya kweli. Kisichokuwa kweli ni umri ulioandikwa kwenye kibandiko.

Kwetu Afrika Mashariki

Dar es Salaam ina hekalu la Wabuddha lililojengwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni, na mti wa Bodhi, mti mtakatifu wa Wabuddha, ulipandwa hapo. Kwa Wabuddha wengi wa dunia, karne nenda rudi, dini ilikuwa hivyo: sadaka, amri tano, kuheshimu mti na masalia. Raia wa kawaida kukaa na kufumba macho ni jambo jipya.

Hata Entebbe, Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa California mwaka 2002 na mtawa wa Burma U Silananda, alianzisha Uganda Buddhist Centre mwaka 2005 akiwa na mafunzo yaliyopitia njia hiyohiyo ya walimu wa karne ya 20.

Kabla hujajiandikisha

Mwalimu akikwambia yake ndiyo ya asili, muulize anategemea andiko gani, amekataa lipi, na alifundishwa na nani. Mwalimu mzuri atajibu bila kukasirika. Usiufanye ukongwe wa mbinu kuwa cheti cha usalama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, hapa jirani Rhode Island, walichapisha mwaka 2017 ushuhuda wa watafakari waliopatwa na hofu, kukosa usingizi na kuchanganyikiwa, baadhi yao wakiwa katika mafungo marefu. Kozi ya Goenka ni ya siku 10, karibu zote za kimya, unaamshwa saa kumi alfajiri, na simu wanaichukua. Ukiwa na historia ya msongo mkubwa, au hujalala vizuri tangu uanze zamu za usiku, mweleze daktari wako na uwaambie ukweli kwenye fomu yao. Anza na robo saa nyumbani. Ikikufaa itakufaa hata kama ilibuniwa na mhasibu wa Rangoon.