Fimbo Kumi na Nne Si Lazima

Nilibeba mikoba ya watu kwa miaka mingi kabla sijamiliki fimbo yangu mwenyewe, na hadi leo mchezaji akija kwangu kufundishwa, macho yangu huenda kwenye mkoba kwanza. Namna anavyopiga nitaiona baadaye. Mkoba hunionyesha fimbo zipi zinafanya kazi na zipi zinatembezwa tu. Fimbo inayofanya kazi uso wake umechujuka, mifereji yake ina udongo na majani yaliyokauka. Isiyofanya kazi bado inang'aa kama ilivyotoka dukani. Katika mikoba ninayofunguliwa hapa Nairobi, mara nyingi karibu nusu ya fimbo zinang'aa, na kuna kijana wa watu anazibeba begani kwa kilomita nane au zaidi kila raundi.

Kwa msomaji ambaye hajakanyaga uwanja wa gofu, mambo yako hivi. Unapiga mpira kutoka mahali pa kuanzia, paitwapo tii, mpaka uingie kwenye shimo lenye upana wa milimita 108, na anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Mashimo ni 18. Jingine liko umbali wa yadi 150, jingine linapita 500. Ndiyo maana fimbo ziko nyingi: kila moja uso wake umelazwa kwa kipimo chake. Uso uliosimama karibu wima huutuma mpira chini na mbali. Uliolala huupandisha juu na kuuangusha karibu. Ndefu kuliko zote ni draiva. Baada yake kuna mbao, jina lililobaki tangu enzi vichwa vyake vilipochongwa kwa mti, ingawa siku hizi si vya mti tena. Kisha haibridi, ambayo ni mchanganyiko wa mbao na chuma. Kisha vyuma vyenyewe kwa namba zake, kisha weji za mapigo mafupi, na mwisho fimbo ya kusukumia mpira pale kwenye grini, nyasi zilizokatwa hadi chini kabisa kuzunguka shimo.

Sheria inasema usizidishe 14. Haisemi ufikishe 14, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Zamani hapakuwa na kikomo. Mmarekani Lawson Little, aliyetwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza na wa Marekani mwaka 1934 na tena 1935, alijulikana kwa mkoba wenye fimbo karibu 30. Nikimfikiria kedi wake, yaani mbeba mkoba, bega langu linauma. Wamarekani waliweka kikomo cha 14 mwaka 1938, na chama cha gofu cha St Andrews kule Uskoti kikafuata mwaka uliofuata. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1916, Chick Evans alikuwa ameshinda US Open na ubingwa wa ridhaa wa Marekani akiwa na fimbo saba tu. Ninamtaja Evans kwa kila mwanafunzi wangu.

Kuzidisha kuna adhabu: mapigo mawili kwa kila shimo ulilocheza ukiwa na fimbo ya ziada, mwisho manne kwa raundi. Ian Woosnam, ambaye mashabiki wa gofu wa Kenya wanamkumbuka kwa kushinda Kenya Open mwaka 1986, aliionja adhabu hiyo mwaka 2001 katika The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, pale Royal Lytham. Ilikuwa Jumapili, raundi ya mwisho. Shimo la kwanza la uwanja ule ni fupi, hupigwa kwa chuma, kwa hiyo hakuna aliyegusa draiva. Woosnam alilimaliza kwa pigo moja chini ya kiwango kilichopangwa kwa shimo hilo na kushika uongozi pamoja na wengine. Walipofika tii ya pili kedi wake akaona draiva mbili mkobani: mojawapo ilikuwa ya majaribio na ilitakiwa kubaki. Fimbo 15. Mapigo mawili yakaongezwa, na akamaliza akigawana nafasi ya tatu na wenzake kadhaa. Makedi tunazihesabu fimbo kabla ya tii ya kwanza, na mwenye mkoba azihesabu pia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi huanzia na draiva kwa sababu ndiyo inayopendeza macho. Mimi huwaambia waanzie shimoni na kurudi nyuma. Uwanja wa mapigo 72 umepangwa kwa hesabu ya misukumo miwili katika kila grini, yaani 36. Nusu ya kazi yote inafanywa na fimbo moja. Kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kuchaguliwa, na ichaguliwe kwa utulivu: uisimamie, uone kama macho yako yako juu ya mpira, kama mikono inaning'inia bila kukaza, kama mstari ulio juu ya kichwa chake unauona umenyooka. Urefu una maana kubwa kuliko bei. Nimeona wanawake wafupi wakisukuma kwa fimbo za waume zao, viwiko vimekunjwa hadi mbavuni, kisha wanasema hawana kipaji.

Baada ya hapo ni weji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu soko limebadilika bila wachezaji kuambiwa. Watengenezaji wamekuwa wakivisimamisha vyuma mwaka hadi mwaka ili mnunuzi aone chuma chake namba 7 kinapiga mbali kuliko cha jirani. Chuma namba 7 cha miaka ya 1980 kilikuwa na mlalo wa digrii 35 au 36 hivi. Leo vingi viko karibu na 30. Namba imebaki, fimbo imebadilika. Weji inayouzwa pamoja na seti nayo imesimamishwa, mara nyingi ni digrii 44 hivi, wakati weji ya mchanga, ile ambayo mchezaji Gene Sarazen aliiunda na kushindia The Open ya 1932, imebaki na takriban 56. Katikati kuna pengo la digrii 12. Vyuma vyenyewe hupishana kwa digrii nne hivi. Mchezaji aliye yadi 90 kutoka shimoni analazimika kuchagua kati ya fimbo inayopita na fimbo isiyofika, na anajilaumu yeye. Weji moja ya digrii 50 inaziba pengo hilo. Nikiambiwa nimpe mtu fimbo moja tu ya kuongeza, mara nyingi ndiyo hiyo.

Ile ya digrii 60, inayopandisha mpira karibu wima, ni ya mtu anayefanya mazoezi. Wanaoinunua kwa kuiona kwenye televisheni huipitisha chini ya mpira, au huupiga kwa ukingo wake na mpira unavuka grini.

Vyuma virefu vina siri yake. Uso uliosimama unahitaji kasi ili mpira upande. Kasi isipokuwepo, chuma namba 4 na namba 6 vinaangusha mpira mahali pale pale, na namba 4 inapotea njia mara nyingi zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na seti kamili aliyonunuliwa na wanawe walioko ughaibuni. Tulikwenda uwanja wa mazoezi asubuhi na kupima fimbo moja moja, mipira kumi kila fimbo, tukitupa ile iliyokwenda vizuri kupita kawaida na ile iliyoharibika, na kuandika pale mpira ulipoangukia, si pale uliposimama baada ya kubingirika. Chuma namba 4, 5 na 6 vyote viliangukia kati ya yadi 105 na 110. Fimbo tatu, kazi moja. Tulibakisha namba 6, na mahali pa zile mbili tukaweka haibridi moja, ambayo kichwa chake kina uzito chini na nyuma, kwa hiyo mpira unapanda hata mkono ukiwa wa polepole. Ile haibridi ilimpa yadi 125. Tulipomaliza kuondoa na nyingine zilizorudia kazi, mkoba wake ulibaki na fimbo tisa, na kila moja ilikuwa na umbali wake. Jaribio hili halihitaji mtambo wowote. Ninalipendekeza kwa kila mtu kabla hajatoa hata shilingi.

Lakini umbali wa mazoezini hautoshi, kwa sababu fimbo hufanya kazi kwenye nyasi na hewa ya mahali. Nyasi za Kikuyu, zilizotanda viwanja vya Nairobi na viunga vyake, Muthaiga na Karen vikiwamo, asili yake ni nyanda hizi hizi za juu, na zimesafirishwa hadi Australia na uwanja wa Riviera kule Los Angeles. Ni nyasi nene zinazotambaa na kufungamana. Zikikatwa vizuri mpira hukaa juu na unapigika kwa raha. Zikirefuka hushika shingo ya fimbo na kuigeuza mkononi, na chuma kirefu hakitoki humo. Pia haziruhusu mpira kubingirika: ukiuangusha mbele ya grini ukitumaini utajiendea wenyewe, utasimama pale pale. Kwa hiyo hapa kwetu haibridi na weji zenye kitako kipana, kinachoteleza juu ya nyasi badala ya kuchimba, ndizo fimbo za kutegemewa.

Hewa nayo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mpira hukutana na upinzani mdogo na husafiri karibu asilimia sita zaidi kuliko pwani. Pigo la yadi 150 hapa ni la yadi 141 hivi Mombasa. Kila mwaka naona watu wa Nairobi wakishuka hadi uwanja wa Vipingo Ridge kule Kilifi, mipira yao ikianguka mbele ya grini shimo baada ya shimo, wakidhani nguvu zimewaishia safarini. Wachukue fimbo moja ndefu zaidi, basi. Upande wa pili, hewa nyepesi hiyo hiyo huunyima mpira kupaa na kuanguka kwa wima, kwa hiyo Nairobi mpira hufika grini umelala zaidi na husimama kwa taabu. Ni sababu nyingine ya kuthamini fimbo zenye uso uliolala.

Pwani hesabu inageuka. Kwenye uwanja wa Mombasa Golf Club, mashimo tisa juu ya miamba ya Bahari ya Hindi, kusi likivuma mpira uliopigwa juu si wako tena, ni wa upepo. Pale ndipo chuma namba 4 kinapostahili nafasi yake, mkononi mwa mtu mwenye kasi, kwa pigo la chini linalopita chini ya upepo na kubingirika. Rafiki zangu wa pwani hubeba vyuma ambavyo mimi huku ningeviacha nyumbani, na wao wangeacha weji yangu ya tatu. Sote tuko sawa.

Nimeiacha draiva nyuma kwa makusudi. Ni fimbo nzuri na inafurahisha, lakini inaguswa mara 14 tu kwa raundi ukiondoa mashimo mafupi, na kwenye viwanja vyetu vyembamba vilivyozungukwa na miti hata pungufu ya hapo. Mchezaji wa kulipwa Phil Mickelson alishinda Masters ya 2006 akiwa na draiva mbili, moja ya kupinda mpira kushoto na nyingine kulia. Miaka miwili baadaye aliianza US Open ya Torrey Pines bila draiva hata moja. Hakushinda safari hiyo, lakini naiheshimu fikra yake: aliutazama uwanja kwanza, kisha akafungua mkoba. Kwa mchezaji wa kawaida, mbao namba 3 au namba 5 kutoka tii inapoteza yadi chache na inauweka mpira kwenye nyasi fupi mara nyingi zaidi. Miti ya Karen haimrudishii mtu mpira.

Anayeanza leo asinunue seti kamili. Fimbo zilizotumika zinapatikana kwa walimu wa viwanja na kwa makedi, na chuma kizuri cha miaka kumi iliyopita hakijaoza. Angalia tu mifereji isiwe imefutika na raba ya kushikia isiwe imekakamaa, ingawa raba hubadilishwa kwa pesa kidogo. Atafute saba: ya kusukumia, weji ya mchanga, weji ya seti, chuma namba 9, namba 7, haibridi moja na mbao namba 5. Acheze nazo msimu mzima. Kanuni inamruhusu anayeanza raundi na pungufu ya 14 kuongeza fimbo hata katikati ya mchezo, mradi asicheleweshe wengine na asiazime ya mtu anayecheza uwanjani, kwa hiyo hakuna mlango unaofungwa. Baada ya msimu aandike umbali ambao alikosa fimbo ya kuupiga. Ukitokea kati ya weji mbili, anunue ile ya digrii 50. Ukitokea kati ya chuma namba 7 na haibridi, namba 6 au haibridi ya pili. Draiva iwe ya mwisho, na aijaribu kwenye uwanja anaocheza kila wiki kabla ya kulipa.