Wati si uniti: hesabu inayowagombanisha wapangaji

Mpangaji mpya akihamia na birika la umeme kwenye nyumba yenye mita moja, ugomvi huanza kabla chai haijachemka. Chini ya birika pameandikwa wati 2,000, na wenzake wakiiona namba hiyo hujua LUKU yao imekwisha. Feni inayozunguka chumba cha pili usiku kucha haina anayeisema, maana imeandikwa wati 60 tu.

Tufanye hesabu. Birika hilo huchemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu hivi, kisha hujizima. Hapo limekula takriban uniti 0.1. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi imekula uniti 0.6, sawa na kuchemsha birika hilo mara sita. Anayelaumiwa siye mlaji mkubwa.

Wati hueleza kifaa kinavuta umeme kwa kasi gani wakati kinapowaka. Uniti hueleza kimeshakula umeme kiasi gani. Kinachoziunganisha ni muda: chukua wati, zidisha kwa saa ambazo kifaa kimewaka, gawanya kwa 1,000, umepata uniti. Uniti ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja. Wengi wetu, waandishi wa habari tukiwemo, huiita kilowati kwa saa, kana kwamba kilowati zimegawanywa kwa saa, kumbe zimezidishwa. Kosa hilo dogo la kauli ndilo linalozaa hesabu mbovu majumbani.

Chukua taa ya nje, ile ya usalama inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri. Balbu ya kizamani ya wati 100 ikiwaka saa 12 hula uniti 1.2 kila usiku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Kwa mteja aliyepangwa kundi la D1, anayepata uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu ya shilingi 100 kila uniti kabla ya kodi, balbu hiyo peke yake inamaliza karibu nusu ya nafuu yake. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa zilezile ingekula uniti zipatazo tatu na robo mwezi mzima. Kwa familia ya kipato kidogo sioni matumizi bora ya shilingi elfu chache kuliko kubadilisha balbu hiyo leo.

Friji inahitaji uangalifu kidogo, kwa kuwa mota yake huwaka na kupumzika. Friji ya wati 120 ambayo mota yake inafanya kazi theluthi moja ya siku hula karibu uniti moja kwa siku. Mpira wa mlango ukichakaa, mota haipumziki, na uniti huongezeka ingawa wati zilizoandikwa nyuma ni zilezile.

Hata hivyo, wati zisidharauliwe. Birika la wati 2,000, pasi ya 1,200 na jiko la 1,500 vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja vinavuta wati 4,700, zaidi ya ampea 20 kwa umeme wa volti 230. Ekstensheni ya kawaida ina plagi ya ampea 13. Hapo waya hupata moto na plastiki huyeyuka, hata kama vimewaka dakika chache na uniti zilizoliwa ni kidogo. Uniti humaliza pesa. Wati huunguza nyumba.

Hasara nyingine iko kwenye sola. Muuzaji husifu inveta ya wati 1,000, na mnunuzi huamini amepata umeme wa kutosha usiku mzima. Inveta inasema tu unaweza kuwasha vitu vya wati ngapi kwa pamoja. Vitawaka kwa muda gani, hilo ni la betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, uniti moja na kidogo. Kama ni ya risasi na asidi, si busara kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki wati-saa 600. Televisheni na taa chache zenye jumla ya wati 120 zitaimaliza kwa saa tano. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji wati-saa za betri, na akishindwa kujibu, nenda duka jingine.

Nchi nayo hupimwa vivyo hivyo. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204 ilikuwa mahali pake. Kilichopungua ni maji ya kuizungusha. Megawati zilikuwepo, uniti hazikuwepo. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Mitambo hiyo yote ingezunguka kwa nguvu zote mwaka mzima, ingetoa zaidi ya gigawati-saa 18,500. Makadirio ya mradi ni takriban gigawati-saa 6,000, theluthi moja hivi, kwa sababu mto una kiangazi na masika na mahitaji ya umeme hupanda na kushuka. Bwawa halina kasoro kwa hilo. Mabwawa mengi ya umeme hujengwa yakiwa na mitambo ya kubeba mahitaji ya jioni, na maji hutunzwa kwa saa hizo.

Kwa hiyo kiongozi akitangaza megawati za mtambo mpya, wapo waandishi wa kumuuliza swali la pili: utatoa gigawati-saa ngapi kwa mwaka, na katika mwaka wa ukame zitabaki ngapi? Tuliulize kila mara.