Kinywa cha muti, pale shimo linaposhikiliwa

Huku Minembwe mukaratusi njo muti wa kila kazi: nyumba, ua, kuni. Vijana wetu wakishuka Misisi ama Lubichako kutafuta dhahabu, wanaukuta tena mu shimo, umesimama kushikilia udongo. Boisage, wote tunaijua. Lakini tukiuliza kichwa cha nguzo kilichongwa namna gani, jibu ni fupi: panga na musumari.

Musumari haubebi mulima. Boriti ya mviringo juu ya nguzo iliyokatwa bapa inagusa kidogo tu. Udongo ukisukuma toka upande, inaviringika. Wachimba makaa wa zamani kule Ufaransa walichonga kichwa cha nguzo kikawa bonde, boriti ikalala ndani. Waliita gueule de loup, kinywa cha mbwa mwitu. Ni kazi ya shoka na tezo, haiombi mashine. Toa ganda kwanza, maana chini yake muti unaoza bila kuonekana. Halafu jaribu: kidole kikipita kati ya boriti na nguzo, chonga tena. Usizidishe kina, midomo ikiwa myembamba nguzo inapasuka. Miguu ya nguzo ipanuke kidogo, kama mtu aliyebeba gunia. Na kabari zigongwe juu ya vichwa vya nguzo, si katikati ya boriti.

Kuna jambo lingine, wengi watacheka. Wale wa makaa walichonga hata mguu wa nguzo, mshazari pande zote kama penseli. Kuudhoofisha? Ndiyo, kwa makusudi. Mulima ukishuka, ncha inapondeka polepole, inachanua kama ufagio, na watu wanaona mapema. Nguzo isiyochongwa inaweza kuvunjika mara moja. Udongo ukiwa laini, weka kipande cha mbao ngumu chini, la sivyo ncha inazama tu.

Hatusemi muti unazuia kila kitu. Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga mvua kubwa iliharibu mashimo, watu karibu 50 wakafa. Maji hayashikiliwi na nguzo. Mvua ikizidi, tokeni.

PDG atasema kuchonga kunakula muda. Sawa, lakini yeye haingii. Ninyi mnaobaki nyumbani, baba akirudi mwisho wa juma, mumuulize: muti ukikauka kabari zinalegea, zile zenu ziligongwa tena lini?