Kompyuta Inasuasua? Pima Kwanza Kabla ya Kununua Prosesa

Wakazi wengi wenye saiba, maduka ya kuchapisha na ofisi ndogo hutumia kompyuta za mezani zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika ng'ambo kwa miaka kadhaa. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanajiuliza: je, nibadilishe prosesa? Mara nyingi jibu ni hapana, na ni vyema ulijue kabla hujamlipa fundi.

Anza kwa kupima. Fungua kazi zako za kila siku, kama vile eCitizen, iTax na barua unayochapa. Kompyuta ikianza kusuasua, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huonyesha ni asilimia ngapi ya prosesa (imeandikwa CPU), memori na diski inayotumika wakati huo.

Diski ikifika asilimia 100 huku prosesa iko kwenye 20, prosesa haina kosa. Anayekuchelewesha ni ile diski ya zamani inayozunguka; ukiweka ya SSD, hata mashine ya mwaka 2014 huwaka upesi mno kuliko ulivyozoea. Memori ikijaa, ongeza kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Fungua kasha pia. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na dawa yake ni kupuliza tu.

Prosesa inakuwa tatizo iwapo yenyewe ndiyo inayokaa karibu na 100 kwa muda mrefu wakati diski na memori zina nafasi, jambo linalowapata sana wanaohariri video. Hapo tazama namba inayofuata i3, i5 au i7. Yenye 4570 ni ya kizazi cha 4, 6500 ni cha 6, 8500 ni cha 8. Stika ya i5 peke yake haikuambii mengi: i3-8100 huishinda i5 nyingi za kizazi cha 4.

Na hapa ndipo pesa hupotea. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, ukiacha chache mno, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Mwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7 akinunua prosesa ya kizazi cha 8, itaingia vizuri kwenye soketi kwa kuwa umbo ni lile lile la LGA 1151, lakini kompyuta haitawaka. Bodi kuu ya zamani haiitambui. Kubadilisha bodi na prosesa kwa pamoja, na pengine memori pia, kunaweza kukugharimu kuliko kununua kompyuta nyingine iliyotumika ya kizazi cha 8.

Wenye mashine za AMD zenye soketi ya AM4 wana bahati zaidi. Bodi nyingi zilizokuja na Ryzen 1000 mwaka 2017 hupokea Ryzen 5000, ambayo Windows 11 inaikubali. Sharti ni moja: fundi apakie BIOS mpya kabla ya kuing'oa prosesa ya zamani, si baadaye.

Kama kazi yako ni barua na tovuti tu, na mfuko hauruhusu, Linux Mint ni ya bure na hupata masasisho ya usalama hata kwenye mashine kuukuu. Hakikisha tu kwamba printa yako inafanya kazi nayo.

Ukiamua kununua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Bonyeza vitufe vile vile vitatu, ingia sehemu ya CPU, usome jina kamili la prosesa kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.