NDEGE MBILI ZA COSFORD NA BABU ZETU

Je, msomaji, umewahi kusimama chini ya bawa la ndege iliyoundwa kwa ajili ya vita? Si ile ipitayo angani siku ya Jamhuri, watoto wakaielekeza vidole kisha ikatoweka. Tunazungumzia ndege iliyotulia sakafuni, injini zake baridi, ambayo unaweza kuizunguka polepole na kuitazama tumboni.

Familia nyingi za hapa kwetu zina mtu Uingereza. Huenda ni kijana aliye chuoni Birmingham, au shangazi ambaye ni muuguzi Wolverhampton. Mzazi akienda kuwatembelea, aghalabu hupelekwa madukani, akapigwa picha mbele ya saa kubwa ya London, akarudi nyumbani na masanduku mazito. Leo tunakushauri utenge siku moja kwa safari ya namna nyingine, safari ya kwenda Cosford.

Cosford iko katika jimbo la Shropshire, magharibi mwa Wolverhampton. Hapo ndipo lilipo mojawapo ya majumba mawili ya makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza. Lingine liko Hendon, London. Garimoshi litokalo Birmingham kuelekea Shrewsbury hupitia stesheni ndogo ya Cosford, ingawa si yote yasimamayo hapo, basi uliza kabla ya kupanda. Kutoka stesheni ni mwendo mfupi wa miguu. Kiingilio ni bure, ila mwenye gari hulipia maegesho.

Hazina ya mabandani

Ndani ya mabanda yale mna ndege za kila aina. Ipo Spitfire iliyo kongwe kuliko Spitfire zote zilizobaki duniani. Zipo pia Vulcan, Victor na Valiant, ndege tatu zilizoundwa ili kubeba mabomu ya nyuklia. Ni Cosford peke yake unapoweza kuziona zote tatu mahali pamoja.

Watoto watafurahia zaidi habari za Dornier, ndege ya Wajerumani iliyozama baharini karibu na pwani ya Uingereza mwaka 1940. Iliopolewa mwaka 2013 na kupelekwa Cosford. Mafundi waliinyunyizia maji yaliyotiwa asidi hafifu, ya namna ile iliyomo katika ndimu, ili kuondoa chumvi na uchafu wa miaka 70 bila kuila bati yake. Mwanafunzi wa kemia ana somo zima hapo.

Hata hivyo, kwa Mkenya ziko ndege mbili asizopaswa kuzipita haraka. Moja ilibeba chakula. Nyingine ilibeba mabomu.

Dakota iliyolisha askari

Ya kwanza ni Dakota, ndege ya injini mbili iliyotengenezwa na kampuni ya Douglas ya Marekani. Haina bunduki wala haina mbio. Kazi yake ilikuwa kubeba watu na mizigo, na iliundwa kwa maelfu. Waingereza huikumbuka kwa namna ilivyosaidia kulisha mji wa Berlin mwaka 1948, njia za nchi kavu zilipofungwa. Sisi tunayo sababu yetu ya kuikumbuka.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma. Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Barabara ziligeuka tope, malori yakazama, malaria ikawaangusha watu. Jeshi lisingeweza kusonga mbele kwa kutegemea barabara pekee, hivyo chakula na risasi vililetwa kwa ndege.

Dakota na ndege nyingine za mizigo zilishuka chini juu ya miti na kudondosha shehena. Risasi na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa parachuti. Mchele ulitupwa hivi hivi tu, umetiwa katika magunia mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka, la nje liushike. Mwezi wa Desemba mwaka huo askari wetu walikuwa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Basi ukiiona Dakota, mwambie mwanao kwamba mngurumo wa injini zile ulikuwa habari njema kwa askari mwenye njaa. Maana yake ilikuwa kwamba leo kuna chakula.

Lincoln iliyopaa kutoka Eastleigh

Ndege ya pili ni Avro Lincoln. Ni dude kubwa lenye injini nne, na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 36 kutoka ncha hadi ncha. Ilibeba watu saba na zaidi ya tani 6 za mabomu. Iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni mwaka 1944, na ilipokuwa tayari kwa kazi, vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha. Leo zimebaki chache mno duniani, na moja kati ya hizo iko Cosford.

Kama ilikosa vita vya Hitler, ilipigana wapi? Ilipigana Malaya, na ilipigana hapa kwetu.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba mwaka 1952. Misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilipigwa marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Mwanzoni zilitumika ndege ndogo za Harvard, ambazo kwa asili ni za kufundishia marubani, zikiwa zimefungwa mabomu madogo. Kuanzia Novemba mwaka 1953 zikaja Lincoln, vikosi vikipokezana zamu. Zilipaa kutoka uwanja wa Eastleigh, hapa Nairobi, ule ule unaoitwa leo kambi ya wanaanga ya Moi. Mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000 yalimwagwa msituni hadi mwaka 1955.

Mabomu hayo hayakuua wapiganaji wengi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu msitu ni mnene na rubani hakuweza kumwona mtu aliye chini ya mianzi. Lakini yalitia hofu, yakawatawanya watu na kujeruhi wanyamapori. Wanakijiji wa kandokando ya msitu waliusikia mshindo wake usiku na mchana.

Mtu mmoja, mbingu mbili

Ukitaka kuelewa jinsi ndege hizi mbili zinavyohusiana, mfikirie marehemu Waruhiu Itote. Alikuwa askari wa KAR huko Burma, mahali ambapo ndege za Waingereza zilikuwa upande wake. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya, naye akakamatwa mwezi wa Januari mwaka 1954. Lincoln zilikwisha kufika wakati huo. Mfalme aliyepeleka ndege za kumlinda alifuatwa na malkia ambaye serikali yake ilipeleka ndege za kumwinda.

Hiyo ndiyo historia yetu, msomaji, na haifai kukatwa nusu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa waathiriwa 5,228. Fedha hizo ziliwahusu walioteswa. Habari za mabomu ya msituni hazijulikani na vijana wengi hata leo.

Maswali manne ya kumpa mtoto

Kibao kilicho mbele ya ndege aghalabu hutaja injini, mwaka na mwendo kasi. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mpe mtoto daftari, na mbele ya kila ndege aandike majibu ya maswali haya:

1. Ni nani aliyeiunda, na kwa nini?
2. Ni nani aliyeirusha, na alikuwa na umri gani?
3. Ilibeba nini?
4. Ni nani aliyekuwa chini yake?

Usilirukie swali la pili kwa hasira. Wengi wa waliorusha ndege hizi walikuwa vijana waliotii amri, na kuna mama waliowangoja wasirudi. Wala swali la nne usiliache kwa haya. Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Jumba la makumbusho huonyesha tembo, na nyasi inabidi uzitafute mwenyewe.

Jibu la swali hilo huenda liko karibu kuliko Uingereza. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita miaka 80. Yuko Nyeri, Murang'a, Kirinyaga au Nyandarua, na anaweza kukumbuka ni upande gani ndege ilitokea, na walijificha wapi. Kwa hiyo, kabla ya kuweka akiba ya nauli ya kwenda Cosford, panda matatu Jumapili hii pamoja na watoto, mwende kwa bibi. Chukueni daftari na kalamu, mumwulize, kisha mnyamaze msikilize.